Breki Inayopimwa kwa Umbea

Kupima breki kwa kuingia nayo barabarani ni sawa na kupima kina cha kisima kwa kujitupa ndani. Hata hivyo ndivyo wafanyavyo mafundi wengi, kisha wanakabidhi pikipiki huku wakipangusa mikono. Kwa jirani zangu mambo ni tofauti. Pale breki hupimwa kwa umbea.

Mpimaji ni bibi mmoja aliyefua shuka za hospitali tangu usichana hadi alipostaafu. Kukamua shuka zilizolowa kulimwachia viganja ambavyo mkwewe, fundi wa pikipiki, huviita koleo. Bibi anaishi kwa binti yake, na karakana ya mkwe iko kwenye ukumbi wa nyuma, kati ya jiko na kamba ya nguo. Pikipiki ikibadilishwa mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kutoka kwenye usukani hadi gurudumuni, bibi huletewa kigoda. Hubana mkono wa breki, akasimulia habari moja ya mtaani mwanzo hadi mwisho. Mkono ukibaki pale pale mpaka habari iishe, kazi imepita. Ukizama hata kidogo, mafuta yanavuja mahali, na hakuna kuondoka.

Umbea siupendi, na nimemwambia bibi hivyo. Alinijibu kwamba wake angalau una kazi.

Siku moja nilikuta juu ya stendi pikipiki ya mjukuu wake, msichana wanayemwita Spana. Ilikuwa kuukuu, tangi limepauka, na mpira wa zamani wa breki ya mbele ulilala sakafuni umepasukapasuka kama kisigino. Spana alikuwa amefunga mpya mwenyewe, baba yake akimtazama tu, mikono kifuani. Mwenye duka la dawa alitaka mtu wa kupelekea wagonjwa dawa majumbani. Anayeitaka kazi afike alasiri ile na pikipiki yake. Tangu Spana amalize shule, hiyo ndiyo kazi ya kwanza iliyomwitikia, na kuna mwingine aliyekuwa akiinyemelea.

"Mke mwenzangu, lete kigoda," bibi alisema. "Leo nina ya fundi cherehani na suruali ya bwana harusi."

"Iwe fupi basi, bibi. Jua linakwenda."

"Breki haitaki fupi."

"Mama, bana kwelikweli," mkwe alisema. "Huyu si mteja, ni damu yetu."

Bibi akabana, akaanza. Fundi cherehani alishona suruali mbili, ya bwana harusi mwembamba na ya mjomba wake mnene, akazifunga katika karatasi zinazofanana. Alipofika pale bwana harusi anapofungua karatasi, bibi akasita.

"Basi, akavaa, wakaoana," alisema. "Imeisha. Nenda mjukuu wangu, usichelewe."

Spana alikuwa ameshachukua kofia yake ngumu. Akasimama nayo mkononi.

"Na mjomba je?"

"Mjomba gani?"

"Yule mnene. Alivaa nini?"

"Alivaa tu. Mtu mzima hafundishwi kuvaa."

Tangu nimjue bibi huyu, hajawahi kuiacha suruali ya mtu mnene ipite hivi hivi. Spana naye alilijua hilo.

"Bibi, mkono umezama?"

"Kiasi cha ukucha. Labda nimezeeka, vidole vimechoka."

"Vidole hivyo jana vimefungua chupa iliyomshinda baba."

"Ile chupa ilikuwa mbovu," baba alijitetea.

Nasema bila kumung'unya maneno: bibi alikosea. Alikuwa tayari kumwingiza mjukuu wake barabarani na breki inayovuja ili asikose kazi. Mapenzi ya namna hiyo ni ya hatari kuliko chuki, kwa sababu hakuna anayejikinga nayo.

Spana alipiga magoti, akapitisha kidole chini ya bolti inayoshika mpira. Kikarudi kimelowa.

"Kipete kimoja kipya cha shaba kilibingirika chini ya jiko," alisema polepole. "Nikarudishia cha zamani."

Kipete hicho ndicho kinachoziba mafuta, na kikishabanwa mara moja hakifai tena. Baba hakufoka. Alilala kifudifudi na kipande cha waya, akakivuta kipete kutoka chini ya jiko pamoja na kijiko kilichokuwa kinatafutwa na mkewe. Spana akapiga simu duka la dawa.

"Nitachelewa," alisema. "Nilifunga breki vibaya. Nafungua upya."

Sauti ya upande wa pili ilisema mwenzake ameshafika, ila aje wamwone. Akafungua, akaweka kipete kipya, akajaza mafuta, akatoa hewa yote. Bibi akarudi kigodani, akabana, akasimulia upya bila kuruka kitu. Mkono haukusogea.

Jioni Spana alirudi akipiga honi tangu kona. Yule mwingine alikuwa ameulizwa breki zake zilipimwa lini, akajibu kwamba yeye huenda polepole.

Siku hizi dawa yangu ya presha huletwa na Spana. Na mjomba? Suruali haikufunga, akaketi harusi nzima na sahani mapajani. Habari hiyo nimeisikia nzima mara moja tu, kwa ajili ya breki.