Michirizi ya Konyeza

Nilirudi Garsen kutoka kuogelea Kipini nikiwa na michirizi myekundu mkono mzima, utadhani nimechapwa. Konyeza, yule mnyama laini anayeelea baharini kama mfuko wa plastiki, alikuwa amenichoma kwa minyiri yake. Kabla sijaeleza, mama mkwe alinivuta jikoni.

“Najua mwanangu ana hasira, lakini vumilia. Ndoa ndivyo zilivyo.”

Wifi naye akadakia, “Kwani ulimjibu nini?”

Nikawaambia ni konyeza. Hapo ndipo walipopandwa na mori! Mama mkwe akamlaani mnyama yule, akauliza mbona watu wa Kipini hawamuui.

Nikawaka. “Mama, kiumbe kisicho na ubongo kilaaniwe, mwanao mwenye akili timamu nimvumilie?”