Gego la Binti Abdi

Jumanne, tarehe 14 Juni 1988. Mvua ya mawe ilipiga Yamumbi tangu saa nane mchana, na ndani ya zahanati watu walipaaza sauti ili wasikizane, hata kabla ugomvi haujaanza.

Selpha Nanyama alikuwa mhudumu wa meno hapo kwa mwaka wa tisa. Mkubwa wake, Daktari Wilson, hakumpenda, maana Selpha alipenda kuziba na yeye alipenda kung'oa.

Abdi, mwenye duka la nguo, aliingia na bintiye Sahra, wa miaka saba, aliyekuwa ameshika shavu.

"Ng'oa jino hili. Ni la utoto, litaota lingine."

Selpha akachungulia. Gego la nyuma lilikuwa na tundu dogo. "Mzee, hili si la utoto. Limeota nyuma ya yale ya utoto, halikusukuma lolote. Likitoka, limetoka."

"Sista, nimelea watoto saba. Wewe unao wangapi?"

"Nina meno thelathini na mawili, na leo tunaongea meno."

Benchi zima la wagonjwa likacheka, isipokuwa Abdi. Selpha akamweleza kwamba angekwangua uozo na kuziba kwa saruji ya meno, inayotoa floraidi kidogo kidogo ili jino lisioze tena pembeni.

"Floraidi! Si ndiyo ya maji ya Nakuru? Shemeji zangu wa huko wana meno ya kahawia kama chai ya strungi! Binti yangu ataolewa na nani?"

"Hiyo hunywewa kwa miaka, meno yakiwa bado ndani ya ufizi. Hii ni punje tu, inakaa shimoni."

Wilson akaja na koleo. "Selpha, ng'oa! Foleni ni ndefu."

"Sing'oi. Ng'oa wewe, na uandike jina lako kwenye kitabu cha wagonjwa."

Sahra akaangua kilio. Abdi alipopanua kinywa kumkemea, Selpha akaona pengo kwenye ufizi wake wa chini, nyuma.

"Mzee, hilo lako liling'olewa lini?"

"Nikiwa na miaka minane."

"Lingine liliota?"

Abdi akapapasa lile pengo kwa ulimi. Kisha akamgeukia Wilson. "Weka hiyo koleo chini." Na kwa Selpha, kwa ukali ule ule: "Ziba. Likigeuka kahawia, utanijua."

Selpha akakwangua, akachanganya unga wa saruji na maji yake haraka, akaijaza shimoni ingali inang'aa, kabla haijaganda. Abdi akaondoka bila ahsante.

"Kuanzia kesho hugusi mgonjwa kwenye kiti," Wilson akasema. "Utaosha vyombo."

Asubuhi iliyofuata Selpha aliosha vyombo vyote, halafu akatoka nje, akawa anawafungua watoto vinywa wakiwa bado wamesimama kwenye foleni, akiwaonyesha mama zao gego la nyuma lisilo la utoto kabla Wilson hajawaita.