Mlango wa Kwanza

Fundi wa kompyuta wa Kibokoni hufuta kioo kwa pindo la kikoi kabla ya kusoma wahakiki wanavyousema mchezo wake wa mafumbo, uliomla miaka sita. Wote hubonyezabonyeza mlango wa kwanza, hawafunguliwi. "Mbovu," huandika. Wauzaji walimpa hadi Ijumaa aurekebishe, la sivyo wauondoe mchezo. Jana nilimkuta macho mekundu, akijiandaa kuufuta mlango ule. Mama yake mkubwa, aliyeleta chai, akamsogeza. "Hebu nione, mwanangu." Akabonyeza mara moja, akasema hodi, akakunja mikono, akangoja. Mlango ukafunguka. "Kwani wao hawangoji kukaribishwa?" Leo ni Ijumaa, na mlango uko vile vile.