Ntumba Zenye Nywele

Mwalimu wetu wa jioni ni kijana mdogo, namzidi umri kwa mbali, lakini darasani mimi namwita mwalimu na yeye ananiita mama, mambo yanakwenda. Sisi ni watu wazima tunaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne tulioukosa ujanani. Tunakutana mjini Sumbawanga, kila mtu akitoka kwenye shughuli zake. Mimi natoka Chanji, kwenye cherehani yangu. Jioni moja akaandika ubaoni, "Kila ndege huruka kwa ubawa wake," akatuambia tuandike insha: ulijuaje kwamba wewe ni wewe, si mtu mwingine?

Nikaandika, tena kwa mwandiko wa kuringia. Karatasi iliporudi, chini kulikuwa na maneno mekundu: "Mama, hii ni habari ya dada yako. Wewe uko wapi?"

Nilikasirika, sifichi. Hasira zangu ziko karibu, hata mume wangu anajua. Kijana wa watu nilimkunjia uso siku kadhaa. Halafu mchana mmoja nikaisoma tena ile insha nikiwa nakula, nikaona mtoto ana haki. Dada alivyopika, dada alivyoolewa, dada alivyonifundisha kulima. Nilipofika hapo kwenye kulima, nikaweka sahani kando, nikaanza kukumbuka.

Kwetu ni upande wa Mwimbi. Zamani, kabla watu hawajazoea trekta na mbolea ya dukani, tulilima ntumba. Mvua zikielekea ukingoni na majani yamefika kiunoni, unayafyeka, unayakusanya, unayafunika kwa mabonge ya udongo mpaka unapata tuta la mviringo, kama kapu lililofudikizwa. Juu unapanda maharage, ndani majani yanaoza. Msimu unaofuata unaibomoa ile ntumba, unatawanya udongo, unasia ulezi. Kwa hiyo ntumba haikai. Mkono wako wa mwaka huu, mwakani haupo.

Shamba lilikuwa moja, lakini kila mtu na mkono wake. Za baba zilikuwa kubwa, za mama fupi na pana. Za dada zilikaa sawa na laini, kama ugali uliotoka kwenye bakuli. Zangu, Mungu anisamehe, zililala upande mmoja, na majani yalichungulia juu kwa sababu sikuwa na subira ya kuyafunika. Baba aliziita zenye nywele. Alikuwa akiniita mama, maana nina jina la mama yake. Basi akipita na jembe begani anasema, "Mama, leo tena hukusuka?" Mimi nacheka, naendelea kuharibu. Maharage yaliota vilevile, hakuna aliyenigombeza.

Kisha dada akachumbiwa. Siku wageni wa posa walipokuja, njia iliwapitisha kando ya shamba letu, na mama mmoja mnene mwenye sauti yake akasimama kwenye sehemu yangu. "Na za hapa ni za nani? Huyu mkija kumwoza, ng'ombe mtawarudisha." Watu wakacheka. Ulikuwa utani tu, na siku ya posa utani una ruhusa. Lakini mimi nilikuwa katika umri wa kujitazama kwenye kila kioo, na utani ule uliniingia kama mwiba.

Nikamwambia dada, "Nifundishe za kwako." Msimu ule, wa mwisho kabla hajaondoka kwenda kwa mumewe, alisimama nyuma yangu. Piga hapa. Geuza. Usikimbie, funika tena. Kabla mvua hazijakatika, ntumba zangu zilikaa kama zake, hata yeye mwenyewe alikuwa akichanganya. Mama akasema sasa nimekuwa mtu. Kichwa kikanivimba.

Baba alikuwa amekwenda mjini kuuza mahindi. Aliporudi, tukiwa tunakula, akaniuliza, "Mama, mwaka huu hukulima?"

"Nimelima, Baba. Upande wote ule wa mtoni."

"Ule si wa dada yako?"

"Ni wangu."

Akanitazama kidogo, akamega tonge. "Haya," akasema. "Ni nzuri."

Nilifurahi mimi. Nilidhani nimesifiwa.

Baba alishatutoka, miaka mingi sasa. Niliolewa, nikahamia mjini, nikajifunza kushona. Nashona sare za shule. Sketi ya mtoto wa huyu haina tofauti na ya mtoto wa yule, na wateja wananipendea hapo hapo. Ile "haya" ya baba sikuwahi kuirudia kichwani.

Mwaka huu mama alikuja Chanji kwa ajili ya kliniki. Tukawa tumekaa uani tunachambua maharage, nikamsimulia habari za mwalimu na insha yake, nikamkumbusha na ntumba zangu zenye nywele, nacheka peke yangu. Yeye hakucheka.

"Baba yako alikuwa akitoka safari haji nyumbani kwanza," akasema. "Anapitia shambani. Nikimwambia chakula kimepoa, ananiambia alikuwa anasalimia watoto. Huyu hapa, na huyu hapa. Zako alikuwa anazifikia mwisho, basi anaingia mlangoni bado anacheka." Akatoa jiwe kwenye ungo, akalitupa. "Mwaka ule aliingia hacheki. Akaniambia, mmoja simwoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno."

Inaniuma hadi leo. Kumbe nilikuwepo, na kulikuwa na mtu mmoja duniani anayenitambua kwa mbali bila kuuliza, nami nikajifuta kwa mikono yangu mwenyewe ili mama wa watu asinicheke. Na yule mama sikumwona tena baada ya harusi. Mwalimu akitaka kujua nilijijua lini, nilijijua pale, kwenye ungo wa maharage, baba akiwa hayupo wa kuambiwa.

Nilimrudisha mama nyumbani, na mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni. Bado ana kipande nyuma ya nyumba anacholima kwa ntumba. Nikachukua jembe. Dada, aliyeolewa kijiji cha jirani, akaja kutusaidia. Nilikusudia kabisa kuharibu. Nikaacha majani nje, mkono ukarudi wenyewe ukayafunika. Nikalazimisha moja ilale upande, ikakaa kama tuta la mlevi, si la mtu yeyote. Nikaibomoa. Tukalima hadi jua la mchana, tukapishana mistari bila mpango.

Nikamwita mama. "Njoo uangalie. Zipi zangu?"

Akaja na fimbo yake, akapita katikati taratibu. Akasimama kwenye moja, akainama, akaiacha. Akaenda kwenye nyingine. Akarudi ile ya kwanza. Mwisho akaniangalia mimi, si ntumba.

"Mwanangu," akasema, "unataka nikudanganye?"

Dada akacheka kwa fahari, akanipiga begani. Alidhani nimesifiwa.