Hewa Umeingiza, na Macho Je?

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo naona haya: siku nilipotembea uani kwetu Msambweni, mchana kweupe, nimejitanda leso ya bibi mmoja jirani yetu, ndoo ya maji mkononi. Wanaume waliokuwa wakicheza bao baraza ya pili wakawa wanaulizana bibi huyu ameolewa na nani. Nitakueleza ilikuwaje, maana umeniambia una vyumba viwili kule Ukunda vilivyokaa vitupu, na sasa unafikiria kubandua sakafu yote uweke vigae. Ngoja kwanza. Vigae havikimbii.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nasubiri kuambiwa nitafundisha wapi. Baba alikuwa amefariki, akatuachia nyumba ya mawe na udongo yenye paa la makuti. Mama na mimi tulikaa upande mmoja wa ukumbi. Upande wa pili kulikuwa na vyumba viwili ambavyo baba alikuwa akiwapangisha watu waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi. Wapangaji wake wa mwisho walihama muda mfupi baada ya maziko, na vyumba vikabaki hivyo hivyo, na buibui wakaanza kujenga.

Ndipo akaja Ami Hamadi kutoka Vanga, ndugu wa marehemu baba. Hakuwa mtu mbaya, usimdhanie hivyo. Aliinua macho akatazama paa, akatikisa kichwa.

"Upande wa nyumba ya makuti usiopikiwa ndani huoza," akasema. "Moshi ndio dawa ya paa. Mwezi wa Ramadhani ukiandama na vyumba hivi vitupu, tutauza, na shemeji atakuja kukaa kwangu. Nitamtunza."

Mama alikuwa akichagua mchele. Ami alipoondoka, akaniambia bila kuinua uso, "Niliingia hapa bibi harusi, Athumani. Sitaki kwenda kuwa mgeni ukumbini kwa mtu."

Basi mzigo ukawa wangu. Na mimi nilikuwa mtu wa kuwaza mno. Mtu akiniuliza habari za asubuhi, nilijiuliza kwa nini hakuniuliza za jana. Nilikaa siku tatu na daftari nikiandika mambo ambayo mpangaji anaweza kuyaharibu, na kila nikifikiri nimemaliza, naona jingine. Mwishoni nikawa na masharti kumi na tano. La kumi na moja lilikataza kucheka kwa sauti kubwa. La kumi na mbili lilieleza sauti kubwa ni ipi. Nikayaandika kwa hati nzuri, nikayagongomelea mlangoni.

Kisha nikageukia nyuma ya nyumba. Chuoni tulikuwa tumefundishwa habari za afya, kwamba nyumba inataka hewa na mwanga. Uani kwetu kulikuwa na ua wa makuti uliozunguka jiko la nje, kisima na bafu. Ulikuwa mkuukuu, umepinda, na nikauona kuwa ndio unaozuia upepo. Nikaung'oa wote, hadi ule uliokinga bafu. Likabaki jiwe la kusimamia na kipande cha ukuta kisichofika begani.

"Athumani, mwanangu, huo ua..." mama akaanza.

"Mama, ni afya," nikamkata. Loo, nilivyoringa! Kwa hilo naona haya kuliko hata kwa ile leso.

Wiki ile ile akaja Fundi Bakari, mshonaji kutoka Gazi, mtu wa swala tano na maneno machache, pamoja na mkewe, Bi Zuhura. Kila mwenye nyumba Msambweni angependa kumpata mpangaji kama yeye. Aliisoma ile karatasi mlangoni polepole, akaguna, lakini alipoitazama baraza yetu uso wake ukafunguka. "Hapa mwanga wa kushonea upo kutwa," akasema. Mama akampeleka Bi Zuhura uani. Hawakukaa huko hata dakika mbili. Bi Zuhura alirudi, akavuta buibui lake vizuri, akamwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Twende."

"Tutawaletea jibu, inshallah," akasema fundi, bila kunitazama usoni. Jibu halikuja.

Mwanangu, nilivyoteseka! Nilidhani ni shati langu. Nikadhani ni sharti la tisa. Nikadhani wamesikia habari za Ami Hamadi. Nikapaka chokaa ukuta wa mbele, nikafuta sharti la tisa, nikaliandika tena kwa upole zaidi. Wakaja watu wengine wawili wenye wake zao, na wote wakaondoka vile vile, mke akitoka uani kwanza. Siku zikawa zinakwenda. Mama akaanza kuvitia vyombo vyake vya udongo kwenye kapu, kimoja kimoja, akidhani sioni.

Siku moja nikaenda kwa Bi Riziki, jirani yetu, mzee aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, msomi. Mbona uso umekunjamana kama leso isiyopigwa pasi?"

Nikamweleza yote, na zile dhana zangu zote. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi. Aliingia ndani, akatoka na leso yake na ndoo, tukaenda pamoja hadi kwetu.

"Haya. Wewe sasa ni mke wa mtu. Umeamka, unataka kuoga. Jitande, chota maji, uende bafuni."

"Bibi, watu wataniona!"

"Wataonaje, na wewe uko uani kwako?"

Nikajitanda. Nikachota maji. Nilipogeuka na ndoo, nikaiona barabara ya nyuma yote, na barabara yote ikaniona. Wale wacheza bao waliacha kete zao.

"Oya, bibi huyu ameolewa na nani?" akauliza mmoja.

"Bado! Ana ndevu, anatafutiwa mume," akajibu mwenzake, na baraza nzima ikaangua kicheko. Mtu mwenye baiskeli, aliyekuwa akikatiza njia mle mle uani mwetu kwa vile hapakuwa na cha kumzuia, akanipisha kwa heshima. "Pita, mama," akasema.

Nikasimama kwenye lile jiwe la kuogea, maji yakinimwagikia miguuni. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi sikuwa na la kuwaza. Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu.

Bi Riziki alikuja karibu, akasema polepole, bila kunicheka, "Hewa umeingiza, mjukuu wangu. Na macho je? Wewe unafikiri aliyekuja kupanga ni fundi. Fundi atashinda barazani na cherehani yake. Atakayepika, atakayefua, atakayeoga hapa ni nani? Ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote. Hata mama yangu, ambaye tangu ning'oe ule ua alikuwa akienda kuoga kwa Bi Riziki, na mimi sikujua.

Kesho yake nilibandua karatasi ya masharti, mama akaiwashia moto wa uji. Minazi tuliyokuwa nayo ilitupa makuti. Mama, Bi Riziki na majirani wengine walikaa wakasuka, mimi nikaenda kukata nguzo na fito. Tukasimamisha ua upya, mrefu kupita kichwa cha mtu aliyepanda baiskeli. Bafu tukalizungushia ua wake, wenye kona mlangoni ili hata aliyemo uani asione ndani. Ukingoni juu tukaacha nafasi ya upepo, maana hewa nayo sikuitaka ipotee. Nikatia kamba mpya kisimani, na kata mpya ya kifuu ya kuchotea maji. Chokaa iliyobaki tukapaka jikoni. Gharama yake ilikuwa jasho, na chai ya waliotusaidia.

Safari hii sikwenda kwa fundi. Mama ndiye aliyekwenda, kwa mkewe. Sijui walizungumza nini. Zilikuwa zimebaki siku chache tu mwezi uandame walipokuja. Bi Zuhura aliingia uani peke yake, na sisi tukabaki barazani. Alikawia. Fundi akakohoa. Nikaanza tena mambo yangu: labda kamba imekatika, labda kaona nyoka kwenye makuti.

Mara tukasikia maji. Yalimwagika kata moja, ikafuata nyingine, taratibu, bila haraka yoyote. Mama akainamisha uso, akatabasamu.

Bi Zuhura alitoka amejitanda vizuri, uso umelowa, unang'aa. Akamtazama mumewe.

"Cherehani iletwe," akasema.

Walikaa nasi miaka mingi. Ami Hamadi alipokuja alikuta moshi ukipenya kwenye makuti ya upande ule, akanywa kahawa, hakulitaja tena jambo lile. Mama alitoka katika nyumba ile siku ya maziko yake, na leso aliyofunikwa ilishonwa pindo na Fundi Bakari.

Basi, mwanangu, kabla ya vigae, chukua ndoo. Lala katika kimojawapo cha vyumba hivyo siku moja, upike humo, uoge humo, uanike nguo zako humo, uone kinachokukera. Hicho ndicho cha kurekebisha kwanza, na mara nyingi hakihitaji zaidi ya mikono yako. Anapokuja mtu kutazama, mwulize yule atakayeshinda ndani, umpe nafasi atazame bila wewe kumsimamia. Masharti yawe machache ambayo wewe mwenyewe ungeyakubali. Na mama yako akianza kusema neno, mwache alimalize.

Mungu akujaalie wapangaji wa kheri, wa kukuombea dua hata baada ya kuhama. Bi Zuhura alipanda asumini pale maji ya bafu yanapotokea. Bado iko. Ukija, nitakuchumia.