Wiki Tatu Bila Wembe

Siku ya kwanza ya ule utafiti wa hospitali tulifika wanamuke kumi na mbili, na wote tulikuwa tumenyoa. Ni nani anaenda kwa dokta na ndevu? Tulioga, tukapitisha wembe kidevuni, tukapaka mafuta, tukaenda kukaa kwenye benchi. Dokta, mama kijana, akawasha taa, akatuangalia moja moja, akaweka karatasi chini.

"Bamama, mimi natafuta ndevu, nyinyi munaniletea ngozi ya mutoto?"

Tukacheka. Akaeleza kwamba wanachunguza ugonjwa ambao homoni zinaenda ovyo, damu ya mwezi inapotea, mayai ya uzazi hayakomai, na nywele zinaota kama za mwanaume. Nywele lazima wazione zilivyoota, wazipe pointi. "Rudini kisha wiki tatu. Wembe muuache."

Kwake ilikuwa jambo dogo. Mimi nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kwenye soko la Kituku, mbele ya watu wote. Na ndevu hizo ndizo zilinitoa kwenye ndoa. Walionitoa nawataja. Mama mukwe wangu wa Ndosho, aliyetangaza mpaka kanisani kwamba mimi ni nusu mwanaume, kwamba nilifunga kizazi kwa dawa za uchawi. Mutoto wake, bwana yangu, aliyenyamaza miaka tisa halafu akaleta muke mwingine. Na yule muuguzi wa kituo cha afya cha kule, aliyenidunga sindano mwezi kwa mwezi bila kunipima hata mara moja, eti nina damu chafu. Tangu hapo nilitaka mutu mumoja tu mwenye kusoma aniambie kama kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo sikunyoa.

Wiki ya pili ndevu zikaonekana. Mvuvi mumoja akanisalimia, "Muzee, sambaza ni ngapi leo?"

"Kwa bamuzee wenzangu bei ni ile ile," nikamujibu. "Kwa watoto kama wewe inapanda."

Wenzangu wa soko walicheka mpaka beseni la mumoja likamwagika. Lakini wateja wengine walianza kupita mbali, na kidevu kilikuwa kinaniwasha. Mara mbili nilishika wembe. Mara mbili niliurudisha.

Siku ya kurudi tulifika watano tu. Ndevu zangu zilipita za wote, na sioni haya kusema nilijivuna. Dokta alishika kidevu changu polepole, kama mutu anayechagua kitenge cha bei. Akaandika. Wakanitoa damu, wakaniangalia ndani ya tumbo kwa mashine ya ekografi. Ndipo nikamuuliza swali langu.

"Mama, ni ugonjwa, na wanamuke wengi wako nao," akasema. Akanitajia jina lake, refu, la Kifaransa. "Si wewe uliyejiletea. Na hakuna mutu alikuroga."

"Na mutoto?"

Akavuta kiti karibu. "Kama wangekupima zamani, kulikuwa na dawa za kujaribu."

Hiyo ilinichoma, na bado inanichoma. Nilijifunga kitenge vizuri, nikamuomba anirudilie lile jina mara tatu.

"Sasa unaweza kunyoa, mama."

"Nitanyoa kesho," nikamujibu.

Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, nikamwambia dereva anipeleke Ndosho. Yule mama mukwe bado yuko muzima, na macho yake yanaona vizuri. Njia nzima nilikuwa narudia jina la ugonjwa kwa sauti, nisije nikakosea mbele yake.