Aliulizwa Mara Moja

Usiku kucha Maimuna alikaa na simu kifuani, akingoja ilie. Baada ya magharibi mkwewe Lukas, Mjerumani aliyemuoa binti yake Hadiya na kukaa naye Diani, alikuwa amempigia kumwambia kwamba mimba ya Hadiya imeharibika, na kwamba wameshatoka hospitali. Kisha akauliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mama, unataka kuja? Nije nikuchukue?"

Maimuna akajibu kama alivyolelewa Msambweni. "Hapana, baba, usijisumbue. Mwangalie mgonjwa."

"Sawa," akasema Lukas, na simu ikakatika.

Maimuna alikuwa ameshavaa buibui. Alijua atapigiwa tena. Nani hukaribishwa mara moja akaitikia papo hapo? Tena nyumba ya mkwe mtu haingii hivi hivi, mpaka mwenyewe amshikilie aje.

Alijaribu simu ya Hadiya. Imezimwa.

"Si uende tu, dada," alisema mdogo wake Twaiba kutoka kitanda cha pili. "Ni mwanao."

"Nikamvamie mkwe? Atapiga tu. Ngoja."

"Huyo ni mzungu. Ukimwambia hapana, anaamini. Umesahau ulivyomlazimisha wali siku ile? Mwenzio alikuwa ameshiba kweli, maskini. Alitoka jasho mpaka kwenye masikio!"

Maimuna akaiwasha simu, akatazama kama ina chaji.

Alipokwisha kuswali alfajiri, simu ikiwa bado kimya, alitia uji wa pilipili manga kwenye chupa akashika njia ya Diani.

Lukas alimpokea mwenyewe, macho mekundu. "Mama! Karibu. Nilifikiri huwezi kuja."

"Nilikuwa naweza, baba."

"Lakini nilikuuliza. Ulisema hapana." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechanganyikiwa tu, kama mtu aliyepotea njia. "Hadiya alikutaka sana. Nilimwambia maneno yako."

"Akasemaje?"

Lukas alitazama mlango wa chumba. "Alisema, 'Hata leo mama ananifanyia adabu?' Kisha akajifungia chumbani."

Maimuna aliweka chupa ya uji chini. Mwanawe alikuwa ameelewa. Alijua maana ya ile hapana, na bado alikuwa amemngoja aje.

Alikwenda mpaka mlango wa chumba. "Hadiya, mwanangu. Ni mimi. Nimekuja, sikuitwa."

Kilio kilichokuwa ndani kikanyamaza.

"Nifungulie, mama. Nimekosa."

Maimuna akabisha mlango kwa vidole.

"Labda anataka kuwa peke yake," Lukas alinong'ona. "Tumwache kidogo, mama. Ni vizuri."

"Kwetu mtu haachwi peke yake na msiba, baba."

Akaketi sakafuni mbele ya mkwewe, jambo ambalo hajapata kulifanya, akaegemeza kichwa kwenye ubao wa mlango. Upande wa pili, karibu kabisa, alisikia mtu akivuta pumzi. Akainua macho kutazama kitasa. Adhuhuri ikaingia, ikapita, na kitasa hakikugeuka.